Jumamosi za Mkaguzi

Kila mtu jengoni kwetu alimwita Mkaguzi, na nadhani wengi mpaka leo hawajui kama ana jina jingine. Alikuwa akikagua lifti. Asubuhi alikwenda mtaa wa Ghala kwenye karakana ya kampuni yake, akachukua mkoba wake wa vifaa, akazunguka Muscat kupanda na kushuka kwenye majengo ya watu, na jioni akarudi mtaani kwetu Al Khuwair, ghorofa ya sita. Sisi tulikaa ya nne, mimi na mama yangu, pamoja na Harriet, mwanamke wa Kiganda aliyekuwa akimwangalia mama nikiwa wizarani. Mkaguzi alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mvi, na hata katika joto la mwezi wa saba, watu wanapotembea wakitweta, alivaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Sijapata kumwona amekunja mikono ya shati.

Tulijuana naye ndani ya lifti, na kwa aibu. Mama alimtazama kutoka juu hadi chini, akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile anayotumia nyumbani, "Huyu Mngereza kakonda, jamani. Hana hata wa kumpikia?"

"Sina, mama," akajibu mwenyewe, macho yake mlangoni. "Napika mimi, lakini najua kupika mayai tu."

Mama nusura apotee kwa haya. Kumbe mtu amekulia Nairobi, na Kiswahili anacho, kile cha bara kilichomfanya mama acheke peke yake jikoni kila alipokikumbuka. Siku ile ile aliamua kwamba huyu ni mtoto wake wa kulea, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa amekaribia kustaafu. Akaanza kumpelekea chakula.

Chakula nacho kilikuwa na visa vyake. Wali wa nazi, maharage, mchicha, mkate wa kumimina, hivyo vyote sahani ilirudi imeoshwa na kufutwa. Lakini siku moja mlinzi wa chini, ambaye sisi tukimwita haris, alimshukuru mama kwa mchuzi wa papa. Mama hakuwa amempa haris mchuzi wowote. Alipanda juu roho mkononi, akamsubiri Mkaguzi arudi kazini.

"Papa wangu ana kasoro gani?"

"Hana kasoro, mama. Daktari amenikataza."

"Na pweza juzi?"

"Pweza pia amenikataza."

"Na kuku?"

"Kuku... pia, mama."

"Daktari gani huyo, akukataze kuku na asikukataze mkate wa kumimina na sukari yote ile?"

Mkaguzi akainamisha kichwa, akacheka bila sauti. Tangu hapo mama akawa anampikia changu na jodari tu, na samaki wenyewe alileta Mkaguzi mwenyewe. Alhamisi jioni alikuwa akienda Qantab kuwanunua kwa wavuvi pale pale wanapowashusha. Tuliwahi kufuatana naye mara moja. Hakutaka samaki aliyechunwa wala aliyekatwa. Alimshika mzima, akampitisha kidole gumba mgongoni kinyume cha magamba, akamgeuza, akarudia upande wa pili. Wavuvi walikuwa wamemzoea, wakiambiana kwa Kiarabu kwamba mzee huyu anamkagua samaki kama anakwenda kumpanda. Sisi tuliona ni vituko vya mtu aliyeishi peke yake siku nyingi.

Kazini alikuwa mtu mwingine kabisa. Nilisikia kwa watu, si kwake, kwamba siku moja kabla ya Idi aliifunga lifti ya hoteli moja kubwa huku wageni wamejaa ukumbini na masanduku yao. Mwenye hoteli alikuja mwenyewe, joho lake la bisht mabegani, akiwa njiani kwenda kwenye karamu, akamwuliza kama anajua anazungumza na nani. Mkaguzi alimjibu kwamba anajua, na kwamba ndiyo maana asingependa aanguke. Akaning'iniza kibao chake chekundu mlangoni, akaenda zake. Alikuwa na neno lake ambalo alilirudia kwa kila aliyemwuliza habari za kazi: "Lifti haijaua mtu. Anayeua ni yule aliyesema tutaitazama kesho." Alilisema kwa ukali kidogo, kama mwalimu anayesahihisha kosa ambalo amelisahihisha tangu ujana wake. Mtu wa namna hiyo ungedhani haogopi kitu.

Alikuwa mpole kwa wakubwa na wadogo, lakini hakuwa mwepesi wa kuzoeleka. Hakualika mtu kwake. Ukimwuliza habari za nyumbani kwao alikujibu jambo moja la kuchekesha, kisha akakuuliza wewe maswali matatu, na mpaka umemaliza kujibu lifti imefika. Simu ya mtoto wake wa kike, aliyekaa ng'ambo, ilimtoa machozi hata akiipokea mbele za watu, lakini jina la mtoto huyo hatukupata kuambiwa. Haris akipata homa ni yeye aliyempeleka hospitali, na ni yeye pia aliyeweza kukaa mwezi mzima bila kubisha hodi kwetu, mpaka mama anune.

Sasa nije kwenye kisa cha ngazi.

Huku kwetu mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Haris ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba tangu Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku ukiingia, Mkaguzi hapandi lifti. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya sita, akasimama kila kituo kufuta jasho, na lifti ipo, milango wazi, tupu. Siku za kazi aliipanda kama sote. Haris akalitafakari jambo hilo na akili yake ikampa jawabu, akalitia masikioni mwa jengo zima: mwisho wa wiki wageni ni wengi, familia zinatembeleana, lifti inabeba mizigo isiyo yake, na Mkaguzi anajua kuna kitu huko juu kimechoka. Haruhusiwi kusema kwa sababu ya mwenye jengo, lakini miguu yake inasema.

Wallahi sikuwahi kuona uvumi uliokaa vizuri kama ule. Kwani nani angebisha? Ukimwona daktari hanywi dawa anayokuandikia wewe, utainywa? Watu wakaanza kushuka kwa ngazi siku za Jumamosi, na watoto, na mikeka ya kwenda nayo ufukweni, na majiko ya kuchomea nyama. Mwenye jengo akaleta mafundi wengine, wakaibandika lifti cheti kipya, na watu wakakitazama cheti, wakashuka kwa ngazi. Wengine walimwuliza Mkaguzi moja kwa moja. Alisema lifti iko salama na yeye anapenda mazoezi. Lakini aliyasema huku ameshika chuma cha ngazi, anahema, na nani atamwamini mtu wa namna hiyo?

Harriet peke yake alikuwa na fikra nyingine. "Mama, yule mzee ni Msabato," alisema jikoni. "Ijumaa jioni anawasha mishumaa miwili. Nimeona mwanga nikienda kuanika nguo huko juu. Sisi Wasabato tunajuana."

"Msabato ndo mtu gani?" mama akauliza.

"Mkristo kama mimi, mama. Siku yetu ni Jumamosi, hatufanyi kazi."

"Na wewe Jumamosi lifti huipandi?"

Harriet akafikiri. "Mimi napanda."

"Basi tena," akasema mama, na kwake yeye lifti ilikuwa imekwisha hukumiwa.

Harriet alikwenda kumkaribisha kwenye ibada yao. Mkaguzi alimshukuru sana, akamwambia yeye huomba peke yake. Harriet akarudi akisema ni Msabato mwenye huzuni.

Na sisi huko nyumbani tulikuwa na huzuni zetu. Zilikuwa siku za vita vya Gaza, na televisheni ya mama ilikuwa haizimwi. Mama hajui kusoma maandishi yale yanayopita chini, lakini hakuhitaji kusoma. Alikaa na leso yake mbele ya wale watoto waliofunikwa vumbi, akilia na kuwaombea, na akimlaani aliyewafanyia. Mara nyingine alisema "Waisraeli," mara nyingine alisema "Mayahudi," kama wengi walivyosema, na mimi niliyesoma sikumsahihisha, maana na mimi nilikuwa nalia. Mara mbili tatu Mkaguzi alikuwa ameketi pale pale, na bakuli lake la wali mapajani. Nikikumbuka leo, alikuwa haondoi macho kwenye bakuli.

Mama alikuwa na dada mmoja tu duniani, mama mkubwa wetu, aliyekaa mji wa Sib, mwendo wa gari kutoka kwetu. Walikuja Oman kutoka Unguja wasichana wawili, wakaolewa, wakafiwa na waume, na miaka yote hiyo Jumamosi ilikuwa siku yao, kwa kuwa Ijumaa mimi nina zamu wizarani, na siku inayobaki ya kumpeleka mama ndiyo hiyo. Mama mkubwa alikuwa ameanza kuugua moyo na figo, na amekwisha kuwa mtu wa kitandani. Na mama ana magoti. Ngazi za ghorofa nne kwake ni jambo lisilozungumzika, hata kuzishuka. Basi ikawa ikifika Jumamosi, lifti haiamini na ngazi haziwezi. Siku nyingine za wiki mimi niko kazini mpaka alasiri, mama hapandi gari ya mtu baki, na njia ya Sib jioni anaijua kila aliyewahi kukwama ndani yake. Nilimpeleka Jumanne mbili tatu, tukafika mgonjwa amekwisha lala.

Nilimbembeleza, nikamkasirikia, nikamwita mbishi. "Mama, lifti ni ile ile ya Jumatano!"

"Mwenye elimu yake haipandi, ntaipanda mimi?"

Jumamosi moja nilimshinda. Alivaa buibui, akachukua kopo la vileja alivyompikia dada yake, tukatoka mpaka mlangoni pa lifti. Milango ikafunguka. Alikuwa amekwisha inua mguu, wallahi, mguu uko juu, tuliposikia mtu anahema kwenye ngazi. Ni Mkaguzi anapanda, shati limemganda mgongoni. Mama akaurudisha mguu chini.

"Iko salama, mama," akasema Mkaguzi. "Nimeiangalia mimi mwenyewe wiki hii."

"Basi njoo, tushuke sote."

Mkaguzi akasimama. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa ngazi, na pale pale mbele yetu ukageuka mweupe. Akatazama ndani ya lifti, akatazama kopo la vileja. Milango ikajifunga yenyewe.

"Siwezi, mama," akasema. "Leo siwezi."

"Unaona?" mama akaniambia mimi. Wala hakuwa na hasira. "Nirudishe ndani, mwanangu."

Sijui Jumamosi ngapi zilipita baada ya hiyo. Sikuzihesabu kwa sababu sikujua kuwa zinahesabika. Nilikwenda Sib peke yangu, tukawawekea simu sikioni wakongwe wawili, mimi huku na Harriet kule, wote viziwi kidogo, kila mmoja akimwambia mwenzake hasikii. Mama mkubwa akawa anauliza, "Mbona haji? Kakasirika nini?" Na siku moja daktari akaniambia kile ambacho madaktari husema wakiwa wamekushika bega.

Nilirudi jengoni na macho mekundu, nikamkuta Mkaguzi mlangoni pa chini. Akaniuliza kuna nini, na mimi nikamwambia yote, kwa ukali. Nilimwambia mama mkubwa anakufa, na mama amefungiwa juu kwa sababu ya mazoezi yake yeye. Nilimwambia kama lifti ni mbovu aseme, na kama ni nzima apande mara moja tu mbele ya mama, mambo yaishe. Alikuwa anafungua na kufunga kifuli cha mkoba wake. Kisha akasema, "Nitakuja kuzungumza na mama. Kesho kutwa."

Kesho kutwa ilikuwa Jumamosi. Aligonga mlango kwa kidole, hakubonyeza kengele, na hilo pia nilikuja kulielewa baadaye. Hakuketi mahali pake pa siku zote. Aliketi kwenye stuli ya miguu ya mama, chini, mikono magotini. Televisheni ilikuwa inawaka bila sauti.

"Mama, kuna kitu sikukuambia. Kuku na samaki asiye na magamba sikatazwi na daktari, nakatazwa na dini. Mimi ni Myahudi."

Jikoni Harriet akafunga bomba la maji. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, na nasema kweli yangu, moyo ulinishtuka. Mtu niliyemzoea miaka yote hiyo, na kwa muda mfupi nilimtazama kama nimemwona jana. Mama hakusogea.

"Na lifti?" akauliza.

"Lifti ni nzima. Haina kitu. Dini yetu, sisi tunaoishika, haituruhusu kugusa kitu cha umeme Jumamosi, lifti wala kengele. Wengine wanapanda kama kuna mtu mwingine wa kubonyeza. Baba yangu hakupanda hata hivyo, na mimi nimemfuata baba."

"Siku nyengine?"

"Siku nyingine ninapanda. Umeniona."

"Haina kitu," mama akarudia. Nilimwona anazipitia kichwani, Jumamosi moja baada ya nyingine. "Siku ile nnakwenda na kopo langu. Ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ukanitazama nnarudi ndani."

"Nilikuogopa, mama."

"Mimi?" Sauti ya mama ilipanda mpaka nikamwendea. "Mimi wa kuogopwa? Mtu mzima nisiyeweza kushuka ngazi?"

Mkaguzi alielekeza macho kwenye televisheni, na mama akayafuata macho yake. Palikuwa na mwanamke anaita jina la mtu juu ya kifusi.

"Hawa umewaua wewe?" mama akamwuliza.

"Hapana."

"Unafurahi?"

"Hapana, mama. Sipati usingizi."

"Basi ulinidhania nini?" akasema mama. "Nimekupikia miaka, ulinidhania nini?"

Yule aliyemfungia lifti tajiri wa hoteli alikaa pale kwenye stuli kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nilimkasirikia. Si kwa dini yake, ningependa kusema, ingawa siku zile nyoyo zetu zilikuwa mbichi na sina hakika kila kilichokuwemo ndani ya moyo wangu. Lakini nilimhurumia pia, maana nilijua ni maneno gani alikuwa ameyasikia sebuleni kwetu akiwa na wali mapajani.

"Harriet," mama akaita, "nipe buibui langu."

Tuliingia kwenye lifti, mama akaegemea fimbo yake, akatazama mbele. Ilishuka kama inavyoshuka Jumatano. Mkaguzi alikuwa ameshuka kwa ngazi, tukamkuta chini, amesimama mbali na mlango, na mama akampita bila kumtazama. Sib tulikaa mpaka magharibi. Mama mkubwa alimtambua. Alimwambia, "Umekuja," na mama akasema, "Nimekuja," na hawakuzungumza mengi zaidi ya hayo, walishikana mikono tu. Mama alilowesha kileja kwenye maziwa akamlisha kipande. Jumatano mama mkubwa akafariki.

Azaa, yaani matanga, ilikuwa siku tatu, wanawake nyumbani na wanaume kwenye ukumbi wa msikiti. Binamu yangu aliniambia kwamba mzungu mmoja mzee alikuja siku zote tatu, akakaa karibu na mlango, akanywa kahawa, akawapa watu mikono, wala hakusema anamjuaje marehemu. Nilimwambia mama. Akaitikia kwa kichwa.

Siri ya Mkaguzi haikutoka nyumbani kwetu. Mama alimwapisha Harriet, na mimi hakuniapisha ila alinitazama. Majirani wakimwuliza mbona sasa anapanda lifti Jumamosi, aliwaambia yeye amekwisha kuwa mzee, ikianguka na ianguke. Wao wakaendelea na ngazi zao. Lakini sahani hazikupanda tena ghorofa ya sita. Changu hakupikwa. Mkaguzi akikutana na mama chini alimsalimu, na mama aliitikia salamu na haongezi neno. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunakunja nguo, "Angenambia mapema, ningempata dada anazungumza." Baada ya hapo hakulitaja tena.

Kabla ya mwaka kwisha Mkaguzi akahama. Haris alisema amepata nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, na akaona huo ndio ushahidi wa mwisho kuhusu lifti yetu. Hatukuagana. Nadhani aligonga, kwa kidole, kwa namna ile yake ambayo mtu aliye jikoni hawezi kuisikia.

Nilimwona tena mwezi uliopita. Gari yangu ilikuwa gereji Ghala, nami nilikuwa nimesimama kivulini nikimsubiri fundi, nikamwona anavuka barabara na mkoba wake. Amekonda zaidi. Shati lile lile, vifungo mpaka shingoni. Tulisalimiana, akaniuliza kuhusu kazi, kuhusu Harriet, kuhusu haris na homa zake. Kuhusu mama hakuuliza mpaka fundi alipokuwa amekwisha niletea funguo.

"Mama anasema nini?"

"Hasemi," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Akanionyesha nyumba yake, ya chini, nyuma ya maduka ya matairi, yenye mlango wa kijani.

Jioni nilimwambia mama nimemwona. Alikuwa anachambua mchele, na aliendelea kuuchambua. Lakini Jumamosi asubuhi nilimkuta ameketi sebuleni, amekwisha vaa, fimbo mkononi.

"Nipeleke Ghala."

Njiani sikumwuliza kitu, nilikuwa naogopa jibu. Nilidhani anakwenda kumwambia yale ambayo hakuyasema siku ile ya stuli, na kwamba ana haki yake. Aligonga mlango wa kijani kwa kichwa cha fimbo. Mkaguzi alifungua akiwa na kikofia chake kidogo kichwani, ambacho sikuwahi kumwona nacho, na mkono wake ukaenda juu kukivua.

"Kiache," akasema mama. "Uko kwako."

Akaingia, akatafuta kiti chenye mgongo, akaketi. Chumba kilikuwa na meza, vitabu, na mishumaa miwili iliyokwisha tangu jana. Mkaguzi alibaki amesimama mbele yake, mikono imening'inia, na mimi nilibaki mlangoni.

"Jumamosi nilikuwa nkenda kwa dada," mama akasema. "Siku zote, tangu tulipokuja nchi hii. Sasa dada hayupo na Jumamosi haijaondoka, inakuja kila wiki, nami sina pa kwenda. Na wewe leo huna kazi. Ntakuja hapa."

"Mama, mimi ndiye niliyekuzuia usiende kwa..."

"Nnajua ni wewe. Ndo maana nimekuja kwako." Akaiegemeza fimbo ukutani. "Miaka yote nlikuwa nakutajia dada yangu, na hukupata kuniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Kaa kitako uniulize."

Mkaguzi akavuta kiti. Akakiweka karibu na miguu ya mama, akaketi.

"Alikuwa mtu wa namna gani, mama?"

Mama akatazama mikono yake, akaanza kumwambia.